Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: ulisema utatuuliza kwanza

Mheshimiwa Mbunge,

Assalaam aleikum. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu kwa faragha nimeshindwa. Ujumbe niliokutumia kwa simu Juni 2024 uliusoma, alama mbili za buluu niliziona, na jibu hadi leo sijapata. Ofisini kwako nimefika mara tatu, na mara zote tatu nimeambiwa uko Nairobi.

Jumamosi iliyopita ulipokuja uwanja wa shule kugawa hundi za basari, nilinyoosha mkono nikapewa kipaza sauti. Kabla sijamaliza salamu, kijana wako akakichukua. "Mama, keti, Mheshimiwa ana ratiba." Nikaketi, watu wakinitazama kama niliyekuja kuharibu harusi. Nauza mahamri pale kituo cha matatu tangu siku ambazo mamako alikuwa akikutuma ukiwa na kaptura, na hakuna siku niliyokufukuza kwa kukosa senti. Nami kwako sikupata hata dakika moja. Kisha ukashika kipaza sauti hichohicho ukasema hujawahi kutuangusha Bungeni.

Maneno hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi.

Mwaka 2022 ulisimama chini ya ule mkwaju karibu na kisima ukatuomba kura. Hatukukulazimisha kuahidi lolote. Ulisema mwenyewe, mkono kifuani: "Jambo likiwa zito, sitalipigia kura kabla sijarudi kuwauliza." Tukapiga makofi. Mimi nililia, kwa kuwa katika wote waliowahi kuja pale hakuna aliyewahi kutuambia kwamba atatuuliza.

Mswada wa Fedha wa 2024 haukuwa mzito? Ulitaka VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwenye mkate na ushuru wa asilimia 25 kwenye mafuta ya kupikia. Mimi si msomi, lakini mafuta ya kupikia nayajua, ndiyo maisha yangu. Tarehe 18 Juni yakatangazwa kuondolewa hayo mawili, na nakiri nilishusha pumzi. Mengine yakabaki, vijana wakasema mswada wote ukataliwe. Tarehe 20, katika usomaji wa pili, wabunge 204 wakauunga mkono, 115 wakaupinga. Orodha ya majina ikazunguka kwenye simu, mwanangu akanisomea polepole, na jina lako likatokea upande wa ndiyo. Nikamwambia asome tena.

Zikapita siku tano. Kutoka Nairobi hadi hapa ni usiku mmoja kwa basi, Mheshimiwa, na wewe husafiri kwa ndege. Hukuja. Tarehe 25 ukapiga ndiyo mara ya pili, mswada ukapita kwa 195 dhidi ya 106, na siku hiyohiyo vijana wakapigwa risasi nje ya jengo mlimokuwa. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia sahihi. Yeye alirudi nyuma mbele ya nchi nzima. Wewe hata kutuambia pole hukuja.

Mwanangu naye alitoka siku hiyo, huku kwetu Pwani, na bango alilokata kwenye katoni yangu ya unga. Alilala korokoroni usiku mbili, akarudi pekupeku, macho mekundu. Viatu alikuwa amevinunua kwa pesa za kibarua cha mjengo. Bango lilirudishwa na rafiki yake na bado ninalo nyuma ya kabati, maandishi yamefifia kwa maji lakini yanasomeka: TUULIZENI KWANZA. Maneno hayo hakuyatoa mbali. Aliyasikia kwako, chini ya mkwaju.

Na hiyo haikuwa kura ya kwanza. Sheria ya Fedha ya 2023 ndiyo iliyopandisha VAT ya petroli kutoka asilimia 8 hadi 16, na huko nako ulisema ndiyo bila kutuuliza. Tangu hapo nauli ya kuletewa unga na mafuta inanila. Bei sijapandisha, wateja wangu ni makuli na watoto wa shule. Nimepunguza donge. Zamani hamri langu lilijaza kiganja cha mtu mzima, leo mtoto analifunika kwa vidole vitatu, na ninapompa namtazama pembeni kwa haya.

Basari ya binti yangu nimeipokea na nashukuru. Lakini zile ni pesa za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jimbo, ni kodi yetu, hazikutoka mfukoni mwako. Usinifunge mdomo kwa pesa yangu mwenyewe.

Oktoba 2024, ilipokuja hoja ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua, tuliitwa kutoa maoni. Nikapanga foleni nikajaza fomu. Kumbe kutuuliza kunawezekana! Wabunge 281 wakaunga mkono, nawe ukiwemo. Kwa kura ile sikulaumu. Nakulaumu kwamba hukurudi kutuambia fomu zetu zilisema nini. Katiba yenyewe, kifungu cha 118, inalitaka Bunge litushirikishe wananchi, si kwa jambo moja mnalolitaka nyinyi.

Nimejaribu kukuelewa. Nadhani unaogopa kwamba ukipinga, barabara yetu haitapata lami. Au wakubwa wa chama wanakubana. Kama ndivyo, tuambie, sisi ni watu wazima, tutakubeba. Tusichoweza kubeba ni kuambiwa hujatuangusha.

Ombi langu ni moja. Njoo chini ya mkwaju uleule, bila hema, bila leso zenye picha yako, bila wale vijana wa kunyang'anya watu kipaza sauti. Njoo na kura zako zote tangu 2022, utusomee moja moja: hapa nilisema ndiyo, hapa nilisema la, na sababu ni hii. Siombi lami. Siombi basari nyingine. Agosti 2027 haiko mbali na utakuja tu kutuomba, basi njoo kabla ya hapo utusomee.

Jumapili baada ya alasiri huwa nimeshafunga biashara. Viti tutaazima shuleni. Njoo, mwanangu, utusomee.

Mpiga kura wako,
Muuza mahamri, kituo cha matatu