Kijana akiamka miguu imegoma, mpimeni na tezi ya thairoidi

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, hana sukari hana presha, kaamka alfajiri miguu haitaki kabisa, anaongea vizuri, ukimfinya anasikia, ila kunyanyua paja hawezi. Jana yake alikimbia mazoezi mpaka akaishiwa, usiku akashindilia wanga akalala. Ilishamtokea mara mbili, ikaachia baada ya masaa kadhaa, sisi tukawa tunamwambia anadeka (hapo najilaumu sana jamani).

Tulipoanzia wakasema uchovu tu, wakamtundikia dripu ya glukosi, akazidi kulegea mpaka mikono. Kumbe sukari inaamsha insulini, na insulini ndo inazidi kuisukuma potasiamu (madini ambayo misuli na moyo vinayategemea) itoke kwenye damu iingie kwenye seli! Tulikohamia wakapima damu, potasiamu 1.9 wakati ya kawaida ni kama 3.5 mpaka 5, halafu daktari mmoja ndo akauliza, huyu mbona vidole vinatetemeka na moyo unamwenda mbio? Wakapima tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, homoni zake ziko juu, na TSH, homoni ya kutoka kichwani inayoiamsha hiyo tezi, karibu haipo. Sisi kule kukonda tulidhani mawazo, na shingo wala haikuvimba.

Nilivyoelezwa, potasiamu haijaisha mwilini, imejificha tu ndani ya seli kwa sababu ya hizo homoni kuzidi, ndo maana wanairudisha taratibu huku wanauangalia moyo kwa mashine, maana ukiimimina kwa pupa, misuli ikishaachia inarudi yote kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Propranololi, dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, nayo inasaidia. Ila tiba yenyewe ni tezi, homoni zikitulia na kupooza kunakoma. Ajabu ni kwamba thairoidi inawasumbua zaidi wanawake lakini huku kupooza kunawapiga wanaume vijana, wenye asili ya Asia zaidi ingawa si wao tu.

Sasa kinachoniuma, ile mara ya pili walimpima potasiamu wakaiona iko chini, wakampa vidonge, aliposimama wakamruhusu na hakuna aliyeuliza imeshuka kwa nini. Kipimo cha TSH ni damu kidogo tu!

Ukurasa wenu wa afya kila wiki ni presha na kisukari, sawa, ila hebu mtafuteni daktari wa homoni atuandikie hili. Mdogo wangu yuko kwenye kabimazoli, dawa ya kushusha homoni za tezi, na wanga wa kushindilia kapigwa marufuku mpaka vipimo vikae sawa.

Msomaji wenu