Trena wa jimu: umlipe au uache?

Swali hili tunaulizwa karibu kila siku pale mapokezi ya jimu yetu, mtu ameshalipa ada ya jimu halafu anasikia trena ni hela nyingine, na mara nyingi inazidi hiyo ada yenyewe. Jamani, ni lazima?

Si lazima. Kama shida yako ni kitambi na kuchoka choka, vaa raba ujiunge na jogingi ya mtaani kwenu, Dar hii kila wikiendi wapo barabarani tangu alfajiri. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, ukitembea haraka haraka nusu saa siku tano umezimaliza na hujamlipa mtu.

Ila hao hao wanasema misuli nayo ifanyishwe kazi siku mbili au zaidi kwa wiki, na kwenye vyuma ndo hela ya trena inapoonekana. Chukua skwoti, lile zoezi la kuchuchumaa na kusimama. Mtu kaiona kwenye simu, anaweka chuma mabegani anashuka, visigino vinanyanyuka, magoti yanaingia ndani, mgongo umepinda na pumzi kaibana mpaka mishipa ya shingo imetoka, na kubana pumzi hivyo ukiwa na mzigo kunapandisha presha ghafla, sasa kama presha unayo tayari hiyo ni hatari kabisa. Na mwenyewe hajioni, kioo cha mbele hakimwonyeshi mgongo. Trena anasimama ubavuni, anakupunguzia uzito, anakwambia kanyagia kisigino, toa pumzi ukipanda, wiki chache tu mwili unazoea.

Kwa hiyo mlipe wakati unajifunza, mwezi au miwili inawatosha wengi. Mwenye presha, sukari, mgongo mbovu au aliyejifungua juzi juzi aanze kwa daktari, halafu huyo kweli akae na trena muda mrefu.

Na mchunguze kabla hujatoa hela. Trena ambaye hajakuuliza unaumwa nini wala umewahi kuumia wapi, anakupakia vyuma siku ya kwanza mpaka kesho yake unashindwa kushuka ngazi, achana naye. Anayechati wewe ukiwa chini ya chuma, huyo ndo kabisa.

Kwetu unaweza kulipia vipindi vichache badala ya mwezi mzima, au mje wawili mgawane gharama. Njoo mchana kabla watu hawajatoka kazini, trena anakuwa na nafasi ya kukuangalia hata hujalipa.