Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Safari ya Kitulo na Biashara Yetu ya Miche

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, sitamwingilia. Nitasema tu kwamba ada zilisuasua kiangazi, zikakaa sawa mvua zilipoanza na wateja wakarudi kutafuta miche. Wajumbe wa kamati mmejitoa sana, asanteni. Sehemu kubwa ya taarifa hii naiweka kwenye safari yetu ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, maana imeibua jambo ambalo mkutano huu unapaswa kuliamua leo.

Wengi wetu tumezaliwa hapa Mbeya na tunakula kwa kuuza maua kando ya barabara, lakini Kitulo, inayoitwa Bustani ya Mungu, tulikuwa tunaisikia tu. Kamati ilichagua Februari kwa makusudi. Maua ya Kitulo yanafuata mvua, na msimu wake mzuri ni kuanzia Desemba hadi Aprili. Anayekwenda Julai atakutana na baridi kali na sakitu asubuhi. Tulishika barabara ya Tukuyu, tukachepuka Isyonje na kupanda polepole kwa sababu ya utelezi, tukipita mashamba ya viazi mpaka uwanda ukafunguka.

Pale juu ni takribani mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Hifadhi ilitangazwa rasmi mwaka 2005, ina kilomita za mraba zinazokaribia 413, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Wataalamu wameorodhesha aina zipatazo 350 za mimea, na kati ya hizo okidi za ardhini, yaani zinazoota udongoni na si juu ya miti, peke yake ni aina 45. Hakuna simba wala tembo wa kukuzuia ndani ya gari, kwa hiyo unatembea kwa miguu katikati ya maua. Tuliona yale marefu mekundu na njano yaliyosimama kama mienge, tukaona na ndege tandawala akitembea nyasini bila haraka. Nawaambia kwa dhati, mtu anayeuza maua na hajaona uwanda ule ana deni na nafsi yake.

Mwongozaji wetu alipiga goti, akatenganisha nyasi, akatuonyesha okidi ya jamii ya Satyrium. Bua lilikuwa moja, vijiua vya waridi vimepangana juu yake, vya chini vimeshafunguka na vya juu bado vimefumba. Nyuma ya kila kijiua kulikuwa na vimkia viwili vyembamba, na ndani ya vimkia hivyo ndimo asali ya ua inamokaa. Tulikaa pale mpaka dereva akaanza kutuita.

Karibu na mpaka wa hifadhi tuliona vishimo vidogo, udongo wake mweusi ukiwa bado mbichi. Hapo watu walikuwa wamechimba viazi vya okidi. Viazi hivyo hukaushwa, hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na kwa miaka mingi mzigo umekuwa ukitoka nyanda zetu hizi kwenda huko. Okidi hizi kwa kawaida huwa na kiazi cha mwaka huu na kingine kinachojiandaa kwa mwaka ujao. Mchimbaji anang'oa vyote, na pale mahali hapachipui tena.

Sasa nije kwetu. Tangu turudi, baadhi ya wanachama wameniuliza kwa nia njema kama tunaweza kupata okidi za Kitulo tukaziweka kwenye viriba tuuze. Jibu langu ni hapana. Ndani ya hifadhi ni kosa kisheria kung'oa mmea. Hata ukiutoa nje ya mpaka, mbegu ya okidi ni vumbi tupu lisilo na akiba ya chakula, na haioti mpaka ikutane na kuvu wa aina yake ardhini. Kwenye mchanga na samadi yetu haitaota, na mmea uliong'olewa utanyauka mikononi mwa mteja. Mteja huyo hatarudi kwenye banda lako. Mimea ya mienge na mayungiyungi tunayo tayari kwenye bustani zetu, inagawanyika vizuri kwa machipukizi ya pembeni. Tuiongeze hiyo.

Kwa hiyo kamati inaleta azimio: mwanachama yeyote asinunue wala kuuza okidi au viazi vyake vilivyochimbwa porini, na anayeletewa atoe taarifa kwa katibu siku hiyo hiyo. Naomba lijadiliwe kabla ya uchaguzi, si baada yake, watu wakiwa bado wamekaa.

Pia tunapendekeza safari irudiwe Februari ijayo, safari hii tulale Matamba ili tuwe uwandani mapema kabla mvua ya mchana haijaanza. Michango ianze Agosti kidogo kidogo, ili wanaotegemea mauzo ya kila siku wasishindwe. Kila mtu abebe sweta zito na viatu vya mvua. Karatasi ya majina iko kwa katibu.