Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: jicho jeupe si la dawa ya kupaka

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa Moshi, mimi shangazi wa mtoto aliyebaki na jicho moja kwa saratani ya jicho.

Wifi yangu alinitumia picha ya mwanawe, kapiga usiku kwa simu. Jicho la kushoto linang'aa jeupe kama la paka. Tulicheka, tukasema simu mbovu. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi minne. Baadaye jicho likaanza kengeza. Zahanati wakampa dawa ya kupaka. Likawa jekundu, wakampa tyubu nyingine. Mara ya tatu wakasema ni vumbi. Miezi yote hiyo kliniki hakukosa: uzito ulipimwa, chanjo akachomwa, kadi ikajazwa. Hakuna aliyemmulika.

Hospitali ya rufaa, daktari aliwasha kitochi chake, akanyamaza kidogo, kisha akamwomba wifi aketi. Jicho likaondolewa ili mtoto abaki.

Simlaumu yule dada wa zahanati, anayepima, kuchoma sindano na kuandika peke yake tangu asubuhi. Ila saratani hii ya jicho, retinoblastoma, ambayo mng'ao ule mweupe ni dalili yake, huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, umri uleule wa kadi ya kliniki. Ikiwahiwa, hutibika. Shirika la Afya Duniani lilipoweka lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone, hii ilikuwa kati ya saratani sita za kuanza nazo. Nasi tunadai mabingwa na mashine za mionzi, hata mimi nadai, lakini bingwa hamtibu mtoto ambaye bado anapakwa dawa kijijini.

Wodini nilimkuta mama aliyekuwa amekimbia na mwanawe baada ya kusikia neno kung'oa. Alikwenda kwa mganga wa kienyeji, akarudi jicho limeshavimba nje. Huyo naye angehitaji mtu wa kukaa naye chini amweleze, kwa Kichaga ikibidi.

Naomba kila kituo, kuanzia Rombo hadi Same, kiwe na tochi ya macho na mtu aliyefundishwa kuitumia. Chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18. Mtoto yuko mikononi mwenu, mmulikeni papo hapo. Kama mwongozo wa kufanya hivyo upo, basi kwetu haujashuka. Na mama akisema jicho linang'aa, rufaa iandikwe siku hiyohiyo, nauli nayo ifikiriwe. Wifi alikopa kwenye kikoba ili kushuka mjini.

Mtoto sasa yuko chekechea. Jicho la bandia huwaonyesha wenzake bila kuombwa, mama yake anamfokea. Tuliambiwa ndugu zake nao wakaguliwe, maana ugonjwa huu wakati mwingine hutembea kwenye damu. Mdogo wake anatimiza miezi 9 mwezi ujao, na kliniki yetu ni ileile.