Mheshimiwa Waziri wa Afya, usisubiri kiungo kikakamae

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Wengi hutuita wachuaji, na jina hilo nimelizoea. Nisichokizoea ni kuletewa mgonjwa wa kiharusi miezi mitatu baada ya kutoka wodini, vidole vimejikunja kiganjani hadi kumkata kucha ni shughuli.

Mgonjwa huyo hakuumizwa na kiharusi peke yake. Misuli iliyopooza haishikilii tena bega vizuri, hivyo ndugu wanapomwinua kwa kumvuta mkono, tena kwa mapenzi kabisa, bega linalegea kwenye tundu lake na maumivu yanaanza. Mguu nao usiponyooshwa, msuli wa shavu la mguu hufupika na kisigino kikakataa kukanyaga chini. Akilala chali bila kugeuzwa, vidonda vinamchimba makalioni. Mengi ya hayo huzuilika bila mashine yoyote: mto chini ya mkono, kugeuzwa, kukalishwa hali ikishatulia, ndugu kuonyeshwa pa kumshika. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia kitendo mara nyingi, na wiki za mwanzo ndizo zinazolipa zaidi. Sisi huitwa zikishapita.

Tunaitwa kwa kuchelewa kwa sababu tunahesabiwa kuwa nyongeza. Mwaka 1894, wauguzi wanne wa London waliunda chama cha wachuaji waliofunzwa ili watofautishwe na waliokuwa wakilichafua jina la kazi hiyo. Chama hicho ndicho mzazi wa chama cha wanafiziotherapia cha Uingereza. Zaidi ya miaka 130 imepita na mimi bado naulizwa natumia mafuta gani.

Ombi langu kubwa ni ikama, yaani idadi ya watumishi iliyopangwa kwa kila kada: fiziotherapia iwe na watu wake wodini, chumba cha wagonjwa mahututi kikiwemo, badala ya chumba kimoja mwisho wa korido. Shirika la Afya Duniani lilishatoa wito mwaka 2017, kupitia mpango wa Utengamao 2030, kwamba huduma za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, yetu ikiwemo, ziingizwe katika ngazi zote za afya.

Ombi la pili litawaudhi baadhi ya madaktari. Mtu mwenye maumivu ya kawaida ya mgongo aruhusiwe kuja kwetu moja kwa moja, bila kusubiri karatasi ya rufaa. Tumefundishwa kutambua dalili za hatari, kama ganzi sehemu za siri au mkojo kushindwa kuzuilika, na mwenye dalili hizo tunampeleka kwa daktari saa hiyohiyo.

Hofu ya madaktari hao kwamba tutamtumia mgonjwa vibaya, hata hivyo, ina chembe ya ukweli. Wapo wenzetu wanaomlaza mgonjwa chini ya taa ya joto wiki nenda wiki rudi, bila zoezi hata moja la kufanya nyumbani, na kila siku analipia. Kwa hiyo ukitufungulia mlango, Mheshimiwa, utudai leseni, ukague mafaili yetu, umfungie anayekula fedha za wagonjwa bure.

Utakapoletewa ikama ya mwaka ujao, angalia safu yetu kabla hujatia saini. Mara nyingi utakuta sifuri.

Wako mtiifu,
Mtaalamu wa fiziotherapia