Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: historia ya Kanisa Kusini nayo ipewe tuzo

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

YAH: OMBI LA TUZO NA RUZUKU KWA WATAFITI WA HISTORIA YA KANISA, MTWARA NA LINDI

Mheshimiwa Waziri, salaam kutoka Masasi. Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wengi: walimu wenzangu, makatekista, mapadre na masista, wanafunzi wa vyuo, na wazee ambao kila msimu tunawazika wakiwa na habari zao kifuani.

Tangu mwaka 2023 wizara yako, kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania, inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Tumeifurahia sana. Leo mtunzi wa riwaya au mashairi akimaliza muswada wake anajua pa kuupeleka. Lakini yule aliyeshinda na madaftari ya parokia, akawafuata wazee mashambani, akaandika kwa Kiswahili safi jinsi Ukristo ulivyoingia Newala au Lukuledi, hana mlango wa kubisha. Kazi yake si riwaya wala shairi, na hapa nchini sijaona tuzo inayomtazama mtu kama huyo.

Wenzetu wa ng'ambo wanazo. Chama cha Marekani cha historia ya Kanisa, American Society of Church History, kilichoanzishwa mwaka 1888, kina tuzo ya Sidney E. Mead kwa makala za watafiti wa shahada ya uzamivu, na ya Jane Dempsey Douglass kwa makala kuhusu nafasi ya wanawake katika historia ya Ukristo. Ni tuzo nzuri, na natamani kijana wetu mmoja azipate. Ila ni za watu wanaoandika Kiingereza cha kitaalamu na wenye maktaba kubwa karibu. Katekista wa Chiwata hazimfikii, hata kama anachokijua hakijaandikwa na profesa yeyote.

Na anachokijua ni kingi, Mheshimiwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, aliondoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakitokea Unguja, wakaweka makazi hapa Masasi. Mwaka 1882 Wangoni wakauvamia mji huo, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala. Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ile, mwaka 1890, alihudumu Chitangali. Padre Kolumba Msigala, wa misheni hiyohiyo, aliacha kumbukumbu zake kwa maandishi. Mjukuu wa Masasi akitaka kuzisoma leo, itambidi aende Oxford, Uingereza, zilikohifadhiwa nyaraka za UMCA. Hilo linaniuma.

Upande wa Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki kutoka Ujerumani, misheni ya Lukuledi ilianza mwaka 1895, kisha Nyangao. Agosti 1905 vita vya Majimaji vikazikuta misheni hizo zote mbili, zikateketezwa. Tarehe 14 ya mwezi huohuo Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani, eneo la Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Majina yao yameandikwa vizuri katika vitabu vya Kijerumani. Wapagazi waliokuwa nao, makatekista waliokimbia na Wakristo wapya kujificha porini, na wapiganaji walioshika mikuki upande wa pili, hao wote ni babu zetu, na habari zao zimo zaidi midomoni kuliko kwenye karatasi. Mtafiti wa kweli atakaa na koo za pande zote mbili. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa mahubiri, na ndiyo maana naona serikali inaweza kuigharamia bila kuvunja msimamo wake wa kutokuwa na dini. Hospitali ya misheni ya Ndanda inatibu kila mtu. Hayati Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, alisoma Ndanda. Historia ya misheni hizi ni historia ya raia, wakiwemo wasiokanyaga kanisani. Watakaoomba wafanyiwe vivyo hivyo misikiti ya Kilwa na masheikh wa Lindi na Mikindani nitawaunga mkono kwa moyo wote.

Nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu. Katika parokia moja ya zamani nilifunguliwa kabati la mbao na kuoneshwa daftari la ubatizo. Safu zake zimepangwa kwa Kilatini: tarehe, jina, wazazi, msimamizi, kijiji. Jina la Kikristo limefuatwa na jina la nyumbani, la Kimakua au Kiyao. Pembeni, kwa mkono mwingine na wino mwingine, ndoa imeongezwa, na kwa baadhi msalaba mdogo wa kifo. Ukurasa mmoja unakupa ukoo mzima. Kurasa za nyuma mchwa wamekula pembe ya chini, yaani sehemu ya vijiji, na nyingine zimeshikana kwa unyevu hadi hazifunguki. Katekista aliyenionesha anajua kusoma maandishi yale ya kale kuliko mimi niliyesoma chuo. Kinachokosekana ni simu yenye kamera nzuri, mtu wa kukaa wiki chache akipiga picha ukurasa kwa ukurasa, na nauli yake.

Ninachoomba basi ni hiki. Tuzo ya Mwalimu Nyerere iongezewe fungu la utafiti wa historia ulioandikwa kwa Kiswahili, na mwaka wa kwanza fungu hilo lielekezwe kwenye historia ya dini katika mikoa ya Kusini. Kabla ya tuzo iwepo ruzuku, maana tuzo huja baada ya kazi na wengi wetu tunakwama kabla ya kuianza. COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iko chini ya wizara yako. Inaweza kutenga ruzuku ndogondogo ambazo mwalimu, katekista au mwanafunzi wa chuo cha Stella Maris hapa Mtwara anaziomba kwa fomu fupi ya Kiswahili, bila kudaiwa shahada ya uzamivu. Ruzuku hiyo ilipe basi, bodaboda, kinasa sauti na uchapaji. Sharti liwe kwamba nakala moja inabaki parokiani au kijijini ilikotoka habari, na nyingine inakwenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Fedha zitoke mapema ili utafiti ufanyike kabla ya msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba wazee wako mashambani na maghalani, na hakuna atakayekaa nawe kuanzia asubuhi hadi adhuhuri akikusimulia.

Kuhusu wazee, naomba jambo hili lisisubiri bajeti ya miaka ijayo. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoanzishwa mwaka 1926, alilikubali jando likafanyika kwa taratibu za Kikristo, na wasomi wa nje wameliandika sana jambo hilo. Walioingia jandoni wakati wake, kama wapo, wamekaribia au kuvuka miaka 90. Waliopewa kipaimara na Askofu Trevor Huddleston, aliyekuwa hapa kati ya 1960 na 1968, bado tunao. Wengine ni majirani zangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Historia,
Masasi, Mtwara