Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Peugeot Yetu Imefika Wapi

Ndugu wanachama,

Assalaam aleykum kwa wenye salamu hiyo, na wengine wote habari za mwaka. Katiba ya chama chetu cha kufufua Peugeot hii ya zamani inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze tumefanya nini na pesa zenu zimekwenda wapi. Najua swali lililowaleta wengi wenu ni moja, basi nilijibu kwanza: gari halijatembea. Injini inawaka tangu Novemba 23, lakini gari lenyewe liko juu ya magogo gerejini Katwe, Kampala, halina difu (kile kikasha cha meno kinachozungusha magurudumu ya nyuma), na rangi yake mpya tumeikwangua wenyewe karibu nusu. Sababu ya hilo la rangi ni uamuzi wangu. Nitafika huko.

Waliojiunga mwaka huu wajue tunazungumzia gari gani. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1968, si ile saluni bali ile ndefu ya kifamilia yenye safu tatu za viti. 404 zilianza kuuzwa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia, na Wafaransa waliendelea kuziunda kwao hadi 1975. Saluni ina sentimita 265 kutoka ekseli hadi ekseli, hii yetu ina 284. Hizo sentimita 19 ndizo zilizowalisha wenye taksi wa enzi hizo, maana ndipo lilipokaa benchi la tatu. Letu lilibeba abiria kati ya Jinja na Kampala mpaka likachoka, likaegeshwa kwenye uwanja wa nyumba moja Walukuba, na watoto wa marehemu mwenye gari wakatupatia pamoja na kadi yake.

Benchi hilo la tatu halikuwemo. Tulilikuta barazani kwa mama mwenye nyumba, limetandikwa kitambaa cha kufuma, na ndilo alilokalia kila jioni kwa zaidi ya miaka thelathini. Alitutazama akasema, "Gari chukueni, baba yao alishalitumia. Kiti ni changu." Tulirudi kwake mara nne. Mara ya nne tulimpelekea benchi la mvule lililotengenezwa Ndeeba kwa vipimo vile vile, lenye godoro la sponji. Akalikalia, akanyanyuka, akalikalia tena, akamwambia mjukuu wake atusaidie kubeba lile la zamani. Kitambaa chake alibaki nacho. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote za mwaka huu, pamoja na kwamba kazi yetu ilikuwa ni kubembeleza tu.

Sasa rangi. Mwezi Machi fundi wa rangi aliniambia ana nafasi ya wiki mbili na atatupunguzia robo ya bei. Nikaona neema imebisha hodi. Nikapiga hesabu zangu: gari likishang'aa watu wataliona, michango itaingia, na Oktoba 9 tutalivuta mpaka uwanjani kwenye sherehe za uhuru. Katibu alinipinga, na imeandikwa katika kumbukumbu za kikao cha Machi 16. Alisema nyumba haipakwi chokaa kabla ya kuezekwa. Nilimjibu kwa maneno ambayo sitayarudia hapa, na ninamwomba radhi mbele yenu.

Rangi ikapigwa. Ilipendeza, sitasema uongo: bluu ile ile tuliyoikuta chini ya siti ya dereva, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Wiki tatu baadaye fundi wetu wa bodi alinyanyua zulia upande wa dereva, akaweka ncha ya bisibisi kwenye sakafu na kuisukuma kwa kidole kimoja. Ikapita. Tulipoinama chini ya gari tuliiona imetokeza upande wa pili, na unga wa kutu unamwagika taratibu kama kahawa iliyotoka kusagwa. Hakuna aliyesema neno. Fundi akahamia kwenye kizingiti cha mlango, akagonga kwa mpini wa bisibisi, na sauti iliyotoka haikuwa ya chuma.

Gari hili halina chesisi ya kutenganishwa kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, na vizingiti vya milango ndiyo mihimili yake. Vikioza, gari linapinda katikati na milango haifungi. Kwa hiyo tulikata vizingiti vyote viwili na sehemu kubwa ya sakafu ya mbele, tukachomelea bati jipya, na cheche zikaunguza rangi ya milango, ya mbavu, hadi karibu na paa. Kama tungeanza na bisibisi mwezi Machi, rangi ingengoja na pesa zenu zingengoja. Oktoba 9 tuliipitisha gerejini na mashine ya kusagia mkononi.

Nije kwenye jambo lililotugawa. Mwezi Mei wanachama kadhaa walileta hoja kwamba injini ya zamani itupwe, tufunge ya Toyota tuendeshe gari. Hoja yenyewe haikuwa ya kipuuzi. Ukiingia soko la vipuri la Kisekka asubuhi na pesa mkononi, saa saba mchana una injini ya Toyota pamoja na gia boksi yake, imefungwa kamba kwenye pikapu, na kila fundi wa mji huu anaijua akiwa amefumba macho. Walioitetea waliniuliza kama tunafufua gari au tunalinda kaburi. Ubishi ulianza kwa Kiswahili, ukahamia Luganda, ukaishia Kinubi, na katibu akaandika anachoweza.

Mimi nilipinga, na sababu yangu ilikuwa ya kifundi zaidi ya mapenzi. Kwenye 404 propela, ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini nyuma, haionekani. Imo ndani ya bomba lililoungwa na difu upande wa nyuma, na upande wa mbele bomba hilo limeshika gia boksi. Ukiondoa gia boksi umeondoa mshiko wa bomba. Ya Toyota itadai propela ya wazi, propela ya wazi itadai difu nyingine, difu nyingine itadai vishikio vipya, na mwisho tutakuwa na Toyota iliyovaa kanzu ya Peugeot.

Mzee wetu aliyeendesha taksi hizi ujanani aliongeza la kwake. Alikumbusha enzi ambazo mbio za magari za Safari zilipita Kenya, Uganda na Tanzania, na 404 ikazishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka huo wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu, na la kwanza lilikuwa 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. "Na injini hii hii," alisema, akaketi. Injini ya mashindano ilikuwa imeandaliwa kuliko ya taksi, lakini sikuona haja ya kumsahihisha. Kura zilikuwa 19 kwa 14, injini ya zamani ibaki. Walioshindwa hawakususa, na wawili kati yao ndio waliobeba bloku kuishusha. Nawashukuru.

Injini hiyo ina sentimita za ujazo 1,618, silinda nne, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Uzuri wake kwa watu wa mfuko kama wetu ni kwamba kila silinda ni slivu, yaani bomba la chuma linalochomoka, na maji yanaizunguka moja kwa moja. Injini ikichoka huhitaji kuchonga bloku: unachomoa slivu nne na pistoni zake, unaweka mpya. Tulizipata Nairobi, Kirinyaga Road, tukazipitisha Busia kwa risiti ya ushuru.

Ubaya wake ni kwamba slivu lazima zitokeze juu ya bloku kwa kiasi kidogo sana cha milimita, zote nne kwa usawa, ndipo gasketi ya hedi ibane. Moja ikizama, maji yataingia kwenye oili. Binti yetu anayesoma uhandisi Kyambogo alizipima na saa ya kupimia akaona ya tatu imezama kidogo, unene wa unywele. Mafundi wazima walimwambia kaza hedi, itajikalia. Akakataa. Akaichomoa, akabadilisha pete ya chini, akapima, akaichomoa tena. Jumamosi tatu zilikwenda hivyo huku watu wananong'ona. Mpaka leo oili ya injini ile haina hata tone la maji.

Jambo dogo lililonifurahisha: feni. Feni ya 404 haizunguki muda wote. Ina sumaku ya umeme inayoinasa maji yakipata joto na kuiachia yakipoa, jambo ambalo magari mengi ya wakati ule hayakuwa nalo. Yetu ilikuwa imekazwa kwa bolti, nadhani na dereva aliyechoka kuhangaika na waya. Tumezitoa bolti na sumaku inanasa.

Novemba 23, saa kumi jioni, injini iliwaka kwenye jaribio la tano. Watu walipiga vigelegele, mmoja akamwaga soda kwenye rejeta, sijui kwa nini. Mzee wa taksi aliegemeza sikio karibu na kava ya tapeti, akatuinulia mkono tunyamaze. "Ya pili inalia," akasema. Ilikuwa inalia kweli.

Basi kwa nini gari liko juu ya magogo? Difu. Difu ya gari hili ni ya kizamani: skrubu ya chuma inauma gurudumu la meno la shaba nyeusi. Shaba hiyo haipatani na mafuta mengi ya difu ya siku hizi, kwa sababu dawa ya salfa iliyomo inaila. Wenyewe walitumia mafuta yenye asili ya nyonyo. Mwezi Januari tuliipeleka gereji moja ibadilishwe sili tu, wakatufanyia hisani ambayo hatukuiomba, wakaijaza mafuta makali ya kisasa. Tulipoimwaga Desemba tulikuta meno yamelika. Kwa haki, mengi yalilika zamani, gari likiwa bado taksi. Lakini mafuta yale yangemaliza kilichobaki mara tu gari lingepata joto barabarani. Wenye gereji wanasema kosa ni letu kwa kutoandika, nasi hatukuandika. Toka sasa kila kipande kinachotoka kinatoka na karatasi.

Baadhi yenu mmeuliza kwa nini tusinunue 404 nzima kutoka Kenya tukachukua vipuri vyake. Tangu 2018 sheria yetu ya Uganda inazuia kuingiza gari lenye miaka 15 na zaidi tangu liundwe. Difu peke yake ni spea, inapita. Tumeahidiwa moja na mkulima wa upande wa pili wa Malaba, ambaye 404 yake imekuwa banda la mbuzi. Fundi ataifungua na kuiangalia meno kabla hatujatoa hata shilingi.

Hesabu kamili atazisoma Hajati mweka hazina. Kwa kifupi, ziliingia shilingi 9,860,000 na zikatoka 9,415,000: slivu na pistoni 2,750,000, rangi 2,400,000, bati na kuchomelea 1,900,000, pango la gereji 1,800,000, na mengineyo 565,000. Imebaki 445,000. Wenzetu 11 hawajalipa ada tangu Juni, jumla ya deni ni 1,540,000, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya kilichomo kwenye akaunti. Kwa upande wangu, nimemkabidhi Hajati shilingi 600,000 zangu mwenyewe ziwe mwanzo wa rangi ya pili. Rangi hiyo haitapigwa mpaka katibu atie sahihi.

Uchaguzi ni Jumamosi Februari 15, saa nne asubuhi, hapo hapo gerejini. Nitagombea tena. Anayeona nimeharibu na agombee, fomu ziko kwa katibu. Njooni na nguo za kazi, kwa sababu baada ya kura tunanyanyua injini nje ili fundi afike kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na dereva.

La mwisho: tunatafuta kioo cha dirisha la ubavuni nyuma, upande wa kushoto, kile kirefu kilicho sawa na benchi la tatu. Cha kulia tunacho, ila hakigeuziki. Kama kuna mtu ameona 404 ndefu imelala mahali popote kati ya Tororo na Kasese, hata kama ni kuku wanalala ndani, ampigie katibu kabla hajampigia mwenye gari.

Mwenyekiti